Herufi za kwenye karatasi ya mbwa: maswali yanayoulizwa kila siku Arusha na Moshi

Maswali haya ndo yale yale yanayorudi kila mara, toka Njiro, Sakina, Usa River mpaka Shanty Town na Machame. Mtu katumiwa picha ya pedigri kwenye watsapu, ina CH, ina SchH3, ina V1, ina "a-normal", muuzaji anataka hela ndefu na anataka leo leo, na mnunuzi hajui hata moja ya hizo herufi inasema nini. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo mpaka yale ya pembeni. Jibu likikutuma kwingine nenda huko, sijarudia.

## Ya mwanzo

Taito ya mbwa ni kitu gani hasa?

Ni herufi ambazo chama cha mbwa kinaruhusu ziandikwe kwenye jina rasmi la mbwa baada ya mbwa huyo mwenyewe kupita mtihani, au kushinda mara kadhaa mbele ya majaji wanaotambulika na chama hicho. Shika hayo maneno "huyo mwenyewe", tutarudi kwao sana.

Kuna taito za umbile, yani mbwa kaonekana anafanana na kiwango cha bridi yake. Kuna za kazi na utiifu, mbwa kaonyesha anaweza kufanya kitu. Kuna za tabia, mbwa kaonyesha ametulia mbele ya watu, kelele na vitu vigeni. Alafu kuna vipimo vya afya, ambavyo sio taito kabisa ila vinaandikwa kwenye karatasi ile ile, na hapo ndo watu wengi wanachanganya, mtu anaona herufi nyingi anadhani zote ni sifa za aina moja.

Na pedigri je, si ndo cheti chenyewe?

Hapana. Pedigri ni orodha ya ukoo: baba, mama, babu, bibi, kurudi nyuma vizazi vitatu, vinne au vitano. Inasema mbwa katoka wapi, haisemi yeye ni mzuri. Mbwa mwenye pedigri safi kabisa anaweza kuwa mwoga, anaweza kuwa na nyonga mbovu, na anaweza asiwe amewahi kukanyaga uwanja wa mashindano maisha yake yote.

Nani anatoa hizi taito?

Vyama vikubwa utakavyokutana navyo kwenye karatasi zinazofika huku ni Kennel Club ya Uingereza (1873), AKC ya Marekani (1884), na FCI, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa 1911 lenye makao yake Thuin, Ubelgiji. Kwa jemani shepadi kuna SV ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1899 na Max von Stephanitz, na kwa rotwaila kuna ADRK, nayo ya huko huko. Afrika Kusini wana KUSA.

Aliye jirani yetu ni East Africa Kennel Club ya Nairobi, ambayo ndo wengi wa kanda ya kaskazini wanaifuata kwa sababu Namanga iko karibu kuliko Dar. Ukiona cheti chenye muhuri mzuri na picha ya mbwa lakini hakuna chama chochote unachoweza kukiandikia ukauliza namba ya usajili, basi hicho ni karatasi tu.

Mbona nyingine zinakaa mbele ya jina na nyingine nyuma?

Ni utaratibu wa chama. AKC wanaweka ubingwa mbele, mfano CH au MACH, na ngazi za mtihani nyuma, mfano CD au CGC. Kwahiyo ukiona "CH Fulani CD CGC" manake ni bingwa wa umbile, kapita ngazi ya kwanza ya utiifu, na kapita mtihani wa adabu. Wajerumani wana mpangilio wao, tutausoma pamoja kwenye sehemu ya kununua.

## Maonyesho ya umbile

Mbwa anapataje CH?

Inategemea nchi, na hapa ndo watu wanakosea kulinganisha.

Marekani ni pointi 15. Kila onyesho linatoa pointi 1 mpaka 5 kutegemea umewashinda mbwa wangapi, lazima ushinde angalau mara mbili kwenye maonyesho makubwa ya pointi 3 na kuendelea chini ya majaji tofauti, na kwa jumla wawe wamekupitisha majaji wasiopungua watatu. Uingereza hawahesabu pointi hivyo, wanatoa cheti kinaitwa CC, unahitaji vitatu toka kwa majaji watatu tofauti, na kimoja kiwe kimepatikana mbwa akiwa ameshavuka mwaka mmoja. CC za Uingereza ni ngumu sababu unashindana na hao hao mabingwa waliopo tayari.

Huko huko Uingereza kwa mbwa wa kuwinda ndege kama labrado kuna "Sh Ch", bingwa wa maonyesho pekee, na "Ch" kamili ambayo inadai mbwa awe amethibitisha pia uwezo wa kazi. Herufi mbili tu zimeongezeka, ila maana imepungua.

GCH na zile za shaba, fedha, dhahabu?

Ni ngazi za juu za AKC baada ya CH. GCH ni pointi 25 zenye masharti yake, kisha shaba 100, fedha 200, dhahabu 400, platinamu 800. Kwa mnunuzi wa Arusha tofauti kati ya shaba na dhahabu inaonyesha zaidi mwenye mbwa alisafiri na kulipia maonyesho mangapi. Usilipe zaidi kwa ajili hiyo.

CACIB ni nini, na C.I.B.?

CACIB ni cheti kimoja kinachotolewa kwenye onyesho la kimataifa la FCI, na jaji anaweza kukataa kukitoa kama haoni mbwa anayestahili. C.I.B. ndo ubingwa wa kimataifa wenyewe, mbwa anaupata akikusanya CACIB kadhaa kwenye nchi zaidi ya moja na majaji tofauti, na kati ya cha kwanza na cha mwisho upite angalau mwaka mmoja na siku moja. Kwahiyo mbwa mwenye CACIB moja sio "international champion" hata kama tangazo linasema hivyo kwa herufi kubwa.

Kwenye karatasi za jemani naona V, VA, SG, G. Ni alama?

Ndio, ni madaraja ya umbile ya SV. V ni bora sana, SG ni nzuri sana, G ni nzuri. Mbwa asiyefikisha miezi 24 hawezi kupewa V, juu kabisa kwake ni SG, kwahiyo usimdharau kijana mwenye SG. Namba inayofuata ni nafasi aliyoshika siku hiyo: V1 ni wa kwanza kati ya waliopata V, SG14 ni wa kumi na nne.

VA ni kitu kingine kabisa. Inatolewa kwenye onyesho kuu la mwaka la SV kwa mbwa wachache walioteuliwa juu ya V zote. Mbwa wa VA wanajulikana dunia nzima kwa majina, wapo kwenye orodha za wazi, kwahiyo mtu akikwambia baba wa watoto wake ni VA, dakika tano za kutafuta zinatosha kujua.

CH au V1 si ndo mlinzi mzuri?

Hapana, na nasema hivi nikiwa naheshimu sana kazi ya maonyesho. Jaji anaangalia kichwa, meno, mgongo, pembe za miguu, mwendo, manyoya, na kama mbwa anavumilia kushikwa. Ni kazi ya maana sababu mbwa mwenye umbile bovu anaumia maungo mapema. Lakini jaji hajui huyo mbwa atafanya nini saa nane usiku mtu akiruka ukuta Moshono, hakupewa nafasi ya kupima hilo. Kama unataka mlinzi soma sehemu inayofuata, na kama una watoto wadogo soma zaidi ile ya tabia.

## Kazi na utiifu

SchH, IPO na IGP ni vitu vitatu au kimoja?

Ni mtihani mmoja uliobadilishwa jina. Ulianza Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kama Schutzhund, SchH, kwa ajili ya kupima kama jemani shepadi anafaa kuzalishwa. Ukaja kuitwa IPO, na toka 2019 unaitwa IGP. Kwahiyo babu ana SchH3, baba ana IPO3, mama ana IGP1, usidhani ni ngazi tofauti. Namba ndo ngazi: 1, 2, 3.

Mtihani wenyewe ukoje?

Una sehemu tatu na kila moja ina alama 100. Ya kwanza ni kufuata nyayo: mtu anatembea shambani, anaacha vitu vidogo njiani, muda unapita, alafu mbwa anafuata kwa pua na kuonyesha kila kitu alichokikuta. Kwenye ngazi ya 3 njia ni ya hatua kama 600, imekaa saa nzima, ina kona nne na vitu vitatu. Ya pili ni utiifu: kutembea kando ya mguu, kukaa, kulala, kuleta dambeli ya mbao juu ya kizuizi, na katikati ya hayo bunduki inapigwa, mbwa akikimbia kwa woga ndo mwisho wa mtihani. Ya tatu ni ulinzi: mtu mwenye mkono wa kinga kajificha, mbwa anamtafuta, anambwekea bila kumgusa akiwa katulia, anamkamata akijaribu kutoroka, na anaachia akiambiwa aachie.

Hiyo ya kuachia ndo moyo wa mtihani. Mbwa yeyote mwenye hasira anaweza kung'ata. Wa IGP anatakiwa kung'ata, aambiwe neno moja, aachie, akae amemwangalia yule mtu bila kumrudia tena. Unahitaji 70 kila sehemu, ukipata 69 kwenye moja umefeli yote hata kama zingine una 100.

Jumla ya alama nazo zina madaraja: 286 mpaka 300 wanaita V, 270 mpaka 285 SG. Ndio, herufi zile zile za kwenye umbile. Kwahiyo ukiona V angalia iko pembeni ya nini, ya umbile au ya kazi.

BH na AD?

BH ndo mlango wa kuingilia, bila hiyo mbwa haruhusiwi kufanya IGP. Anapimwa utiifu wa kawaida na alama ya kupita ni 42 kati ya 60, alafu anapelekwa barabarani kuonekana anafanyaje mbele ya baiskeli, mtu anayekimbia, magari, na akifungwa peke yake mwenye mbwa kaondoka. Umri wa chini ni miezi 15. Mimi naithamini BH kuliko watu wengi wanavyoithamini, sababu sehemu ya barabarani ndo maisha yetu kabisa, fikiria mbwa wako stendi ndogo ya Kilombero asubuhi.

AD ni kukimbia kilomita 20 kando ya baiskeli. Inapima mapafu, moyo na nyayo.

CD, CDX, UD, RN, TD, MACH?

Hizi ni za AKC. CD, CDX na UD ni ngazi za utiifu kwa mpangilio huo, na kwa CD mbwa anatakiwa kupata angalau 170 kati ya 200 mara tatu, kwahiyo sio bahati ya siku moja. RN ni mwanzo wa "rali", utiifu wa kupita vituo vyenye maelekezo. TD ni kufuata nyayo, hiyo inatosha kupita mara moja. MACH ni bingwa wa ajiliti, ile michezo ya kuruka vizuizi na kupita mabomba kwa muda.

Mbwa anayeshika mtu kwenye IGP si hatari nyumbani?

Akiwa amefundishwa vizuri na ametoka kwenye damu iliyotulia, huyo ni salama kuliko mbwa wa getini ambaye hajawahi kufundishwa ila anachokozwa na wapita njia kutwa nzima ili "awe mkali". Ila kuna sharti: lazima wewe mwenyewe ujifunze kumwendesha. Kununua mbwa wa IGP3 na kumfungia bandani Ngaramtoni, anatoka usiku tu, hajui mtu wala amri, ni kumharibu, na mbwa mwenye nguvu ya kazi aliyekaa bure anatafuta kazi yake mwenyewe.

Wale mbwa wa kunusa pembe za ndovu waliofundishwa Usa River wana taito gani?

Watu wanawauliza sana hao, wale wa programu ya AWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori Afrika. Mbwa wa kazi kama hao hawapimwi kwa maonyesho wala IGP. Wanapimwa na wanaowatumia: je anakuta harufu iliyofichwa, je anaacha zisizohusika, na vipimo vinarudiwa mara kwa mara pamoja na mwongozaji wake, sababu mbwa na mwongozaji wanahesabiwa kama timu. Kwahiyo mtu asikuuzie "mtoto wa mbwa wa kunusa mwenye cheti" kama vile pua iliyofundishwa inarithiwa.

## Tabia

CGC ni nini?

Ni mtihani wa adabu wa AKC, ulianza 1989, na una vipengele kumi ambavyo vyote lazima mbwa apite. Anakubali mgeni anayemsalimia mwenye mbwa, anakaa akipapaswa, anavumilia kuchanwa manyoya na kushikwa masikio na miguu, anatembea bila kuvuta kamba, anapita katikati ya watu, anakaa na kulala kwa amri na kubaki hapo, anakuja akiitwa, anakutana na mbwa mwingine bila vurugu, anasikia kelele au kuona kitu cha ghafla bila kuchanganyikiwa, na anaachwa na mtu mwingine dakika tatu bila kupiga kelele mfululizo. Hakuna kumpa chakula wakati wa mtihani. Akinguruma vibaya au kutaka kung'ata, amefeli.

Uingereza wana mpango wao wa raia mwema wenye shaba, fedha na dhahabu, wazo ni lile lile.

Na TT?

TT ni ya shirika la Marekani la kupima tabia za mbwa, ATTS, lililoanza 1977. Hii haipimi mafunzo, inapima mbwa alivyo. Lazima awe na miezi 18, anatembezwa kwenye njia kamba ikiwa imelegea na mwenye mbwa haruhusiwi kumpa amri wala kumtuliza kwa maneno. Anakutana na mgeni asiyejali, mgeni mchangamfu, kelele iliyofichwa, milio ya bunduki, mwavuli unafunguka ghafla, anakanyaga plastiki na waya, na mwishoni mtu wa ajabu ajabu anamsogelea. Wanachoangalia zaidi ni kurudi katika hali: mbwa kushtuka sio kosa, kosa ni kushtuka na kubaki kwenye hofu, au kushambulia bila sababu.

Kuna jedwali mtandaoni la asilimia za kila bridi zilizopita TT na watu wanalitumia kubishana rotwaila na labrado nani mpole. Usilitumie hivyo. Waliopimwa ni wale tu ambao wenyewe walichagua kuwapeleka.

Mbwa mwenye cheti cha tabia hawezi kung'ata?

Anaweza. Cheti kinasema siku ile, mahali pale, mbwa huyo alifanya hivi. Mbwa akiumwa, akiwa na watoto, akivamiwa kwenye chakula, au akifungwa mnyororo mwaka mzima baada ya cheti, huyo ni mbwa mwingine.

Huku sina wa kumpima kwa CGC wala TT. Nifanyeje?

Chukua vipengele vyenyewe uvifanye nyumbani, hakuna anayekukataza. Na kama unanunua, mpime mama wa watoto, ndo mtu wa kwanza kabisa wa kumpima.

Nenda kwa muuzaji mchana, usikubali kuletewa mtoto wa mbwa kwenye boksi stendi. Fika getini, simama, usimwite mbwa. Mama akibweka ni sawa, ana watoto. Angalia mwenyewe akitoka na kukukaribisha, mama anashuka au anazidi? Kaa kwenye kiti dakika kumi mnaongea mambo mengine. Mama mwenye akili iliyotulia atakuja atakunusa, ataondoka, atarudi. Anayejificha nyuma ya banda mkia uko tumboni na hatoki hata baada ya dakika hizo, huyo woga wake watoto wake wanajifunza kila siku, na sehemu wanaurithi.

Alafu mwombe mwenye nyumba aangushe sufuria jikoni, hivi hivi tu kwa mbali. Watoto wa mbwa watashtuka wote. Hesabu kimoyomoyo. Wengine kabla hujafika tano wameshaanza kuifuata sauti wakanuse, hao ni wa nyumba yenye watoto na wageni. Wengine wanakaa mbali mpaka mwisho, hao wanahitaji mtu mwenye subira. Subiri pia bodaboda ipite ile yenye ekzosi iliyotoboka uone. Kama muuzaji anakataa usiwaone mama na watoto pamoja, ondoka, hata karatasi ziwe nzuri vipi.

Watoto wa wiki saba wanaweza kupewa cheti cha tabia?

Vipo vipimo vya watoto vinavyofanywa siku ya 49, vinasaidia mzalishaji kujua nani ampeleke kwa nani. Sio cheti na havitabiri kwa uhakika atakavyokuwa akiwa mkubwa. Wiki zinazofuata ukimwonyesha watu, kelele na barabara ndo zinajenga.

## Afya

"a-normal", HD-A, OFA Good, hizi ni taito?

Hizi ni picha za eksirei za nyonga zilizosomwa na wataalamu. FCI wanatumia A mpaka E, A ni safi, C tatizo dogo, E baya sana. SV wanaandika a-normal, "fast normal" yani karibu na kawaida, na "noch zugelassen" yani bado anaruhusiwa, ila ndo ukingo. OFA ya Marekani wanatumia Excellent, Good, Fair kwa waliopita, na jibu lao la mwisho wanatoa mbwa akifika miezi 24. ED ni viwiko, kadiri namba inavyokuwa ndogo ndo bora.

Mtoto wa wiki nane hawezi kuwa na HD-A. Akiandikiwa hivyo ni ya mzazi, au ni uongo. Kwa jemani na rotwaila mimi ningechagua wazazi wenye nyonga safi bila kombe hata moja kuliko wenye makombe bila eksirei, sababu mbwa wa kilo 40 mwenye nyonga mbovu ni maumivu ya miaka na wewe unaangalia.

## Kununua

Watoto wa champion wana haki ya bei ya juu?

Kidogo, kama wazazi wamethibitishwa. Ila taito hairithiwi: baba kuwa na digrii hakumpi mtoto digrii. Kinachoweza kurithiwa ni umbile, nyonga, na mwelekeo wa tabia, na hivyo vinahitaji wazazi WOTE wawili. Tangazo linaloimba baba kwa mistari kumi na mama hajatajwa hata jina, uliza mama. Na champion akiwa babu wa babu, hapo unalipia jina la kwenye karatasi.

Nisaidie kusoma mstari mmoja wa karatasi ya Kijerumani.

Tuseme imeandikwa "V Fulani vom Fulani, SchH3, Kkl 1, a-normal, HD-ZW 82". V ni daraja la umbile. Jina la mbwa, kisha "vom" na jina la kenneli. SchH3 ni kazi ngazi ya juu, ya zamani. Kkl 1 manake kapita ukaguzi wa SV wa kuruhusiwa kuzalisha, daraja la kwanza, na kwenye ukaguzi huo wanaandika maelezo ya umbile na tabia. a-normal ni nyonga. HD-ZW ni makadirio ya nyonga anazorithisha, 100 ni wastani na chini ya hapo ni bora, kwahiyo 82 ni nzuri sana, watu wanaiona ndogo wanadhani ni mbaya. Karatasi ya SV ikiwa ya pinki manake wazazi wote wawili wamepita huo ukaguzi wa uzalishaji.

Hivi vyote ni vya huyo aliyeandikwa kwenye mstari huo. Mtoto unayemnunua ana jina na namba tu.

Nahakikishaje kwamba sio feki?

Mwambie daktari wa mifugo mwenye mashine ya kusoma chipu aipitishe shingoni. Chipu ya kawaida ya kimataifa ina tarakimu 15. Zilingane na karatasi, zote. Kisha chukua namba ya usajili, uitafute kwa chama kilichotoa au umwandikie katibu wao. Majibu ya OFA yanatafutwa mtandaoni bure. Muuzaji mkweli hataona vibaya ukifanya haya, wa kweli atakusaidia.

Kuna dada wa Moshi aliletewa "cheti cha champion" chenye utepe wa bluu, kusoma vizuri kikawa ni cheti cha kushiriki, kila aliyelipa kiingilio alipewa. Mbwa alikuwa mzuri tu na bado anaye, ila bei aliyolipa ilikuwa ya kitu ambacho hakikuwepo.

Buruboi wangu kaandikiwa asilimia, ni CH?

Hapana, ni alama za ukaguzi wa umbile wa vyama vya buruboi vya Afrika Kusini. Uliza karatasi ya ukaguzi wenyewe, inaeleza kila sehemu ya mwili, ndo inakupa habari kuliko ile asilimia ya mwisho.

## Ya pembeni

Mbwa wa kienyeji anaweza kupata taito?

Ya umbile hapana, hana kiwango kilichoandikwa cha kulinganishwa nacho. Za utiifu na tabia ndio, kwa kanuni za AKC mbwa mchanganyiko wanaruhusiwa kwenye utiifu, rali na ajiliti, na CGC iko wazi kwa mbwa wote. Nasema hili kwa moyo wote, mbwa wetu wa kienyeji wana akili na uvumilivu ambao hatuwapi nafasi ya kuuonyesha, wengi wangepita vile vipengele kumi kama mtu angekaa nao mwezi mmoja tu.

Aliyehasiwa anaweza kushindana?

Kwenye maonyesho ya umbile ya AKC kwa kawaida hapana, sababu lengo ni kuchagua wa kuzalisha. Kwenye utiifu, kazi na tabia ndio.

Karatasi ya mbwa wangu toka nje ina alama ya kuzuia uzalishaji. Watoto wake je?

AKC wana usajili wa mipaka, na Kennel Club ya Uingereza wanaweka zuio kwenye usajili. Mbwa ni halali, taito za kazi anaweza kupata, ila watoto wake hawatasajiliwa mpaka mzalishaji wa kwanza aondoe zuio. Soma kabla ya kulipa, sio baada ya kupandisha.

Nimeona vyeti na vitambulisho vya "mbwa wa huduma" vinauzwa mtandaoni. Ninunue?

Usinunue. Hata Marekani kwenyewe sheria haina daftari rasmi la mbwa wa huduma, hizo kadi hazina nguvu yoyote. CGC nayo haimfanyi mbwa kuwa wa huduma. Mbwa wa kutembelea wagonjwa wana ngazi zao AKC kulingana na ziara, THDN ziara 10, THD ziara 50, na lazima awe amesajiliwa kwanza na shirika la ziara hizo.

Nataka kumpeleka wangu onyesho la Nairobi. Nianzie wapi?

Anza na klabu kabla ya mbwa, waulize usajili upi wanautambua, sababu karatasi za vyama vingine zinaweza zisikubalike moja kwa moja. Kisha chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai na imeandikwa kwenye kadi yenye namba ya chipu, na ofisi ya mifugo ikueleze vibali vya kuvuka Namanga kwenda na kurudi, usiende kubahatisha mpakani na mbwa yuko kwenye gari kwenye jua. Mzoeshe mapema kushikwa meno na jaji mgeni na kukimbia kando yako kwenye nyasi bila kuvuta.

Taito inaisha muda?

Kwa kawaida haiishi, mbwa akipata anazikwa nayo. Kwahiyo mbwa wa miaka tisa mwenye IGP3 ya miaka sita iliyopita bado ni IGP3 kwenye karatasi, ila ukimnunua usitegemee atafanya kazi ile. Angalia tarehe ya mtihani kwenye kitabu chake cha kazi, jina la jaji na alama za kila sehemu vimeandikwa humo. Muuzaji ambaye ana taito mdomoni lakini kitabu hana, mwambie utarudi akikipata.